Mwisho wa Riwaya ya Kijerumani

Jana pale Majengo mama mmoja alinimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Harufu ya moshi iliponifikia, nikashindwa kunywa.

Zamani shuleni tulikuwa na nakala moja tu ya ile riwaya ya Kijerumani iliyotafsiriwa, na kuisoma ilikuwa lazima. Kila mwanafunzi alikaa nayo siku mbili. Zamu ya rafiki yangu, binti wa wafugaji, ilipofika, mto ulijaa akashindwa kutoka kwao. Aliporudi, sweta lake la mtumba bado bichi, aliniomba nimsimulie njiani.

Nilimsimulia vizuri hadi karibu na mwisho. Kitabuni, kijana anarudi kutoka vitani na kukuta baba yake, seremala, ameshazikwa. Mimi nikasema alimkuta mlangoni akijipangusa vumbi la mbao, wakakumbatiana. Kila mtihani yule binti alikuwa ananizidi.

Alisimama katikati ya barabara, akapiga makofi. "Afadhali! Nilikuwa namwonea huruma yule mzee."

Mtihani ulipofika, swali lenye alama nyingi lilihusu huo mwisho. Alitoka kwenye mtihani anacheka. "Nimeandika yote kama ulivyonisimulia."

Kesho yake, matokeo bado hayajatoka, aliniletea kibuyu kidogo kilichonukia moshi.

"Mama amesema nikushukuru."

Akanipokea madaftari ili nikishike kwa mikono miwili. Nikanywa, naye akasimama pale ananitazama, mpaka nikamaliza yote.