Daftari la mapishi la mama, na ule ukurasa wa "choma hiki"

Wakuu, habari za muda huu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu, leo naumaliza. Sio chai. Yamenipata mimi mwenyewe kijijini kwetu Mpemba, Mbozi, na asiyependa stori za huzuni apite tu, hatutagombana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Wazee wenzangu mnaikumbuka. Sukari hakuna, sabuni hakuna, unga ni ule wa njano wa msaada. Ukitaka mafuta ya kupikia unavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wenzetu wa kule wanayaita saladi, na kurudi nayo salama ni bahati yako.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani nalima na mama. Baba alishafariki. Mama alinizaa mimi peke yangu, na hilo lilimsumbua, maana hakuwa na binti wa kumwachia jiko lake. Enzi zile kwetu Wanyiha kijana wa kiume kukaa jikoni ilikuwa aibu. Nikisogea tu nafukuzwa.

Siku moja akaniletea daftari langu la shule lililobaki na kurasa nyeupe.

"Baba, niandikie mapishi ya kwetu," akasema. "Mke wako akija ayakute hapa. Mimi sijui kama nitamkuta."

Nikacheka. Alikuwa na miaka arobaini na kitu tu, analima kunishinda.

Mama alikuwa amepita kisomo cha watu wazima, ila kalamu yake ilikuwa inaishia kwenye jina lake. Kwa hiyo tukitoka shamba yeye anasema, mimi naandika.

Sasa kumbukeni, tulikuwa tunaandika vyakula ambavyo havipo. Wali alioula siku ya Uhuru akiwa msichana, mara yake ya kwanza kuonja wali. Maandazi aliyokuwa anawauzia vibarua wa reli. Kuku wa karanga. Ugali wa ulezi wa kule mlimani tulikokaa kabla hatujahamishiwa kijijini. Tumemaliza bakuli la uji wa njano, tunafungua daftari, tunaandika kuku.

Nilimwambia, mama hii ni adhabu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Tukawa tunabandika na vitu. Lebo ya kopo la mafuta, jani la mbuni, kipande cha kanga aliyovaa siku ile ya Uhuru. Binti yangu anasema siku hizi watu wananunua madaftari ya kazi hiyo, yana mpaka maua. Sisi hata gundi hatukuwa nayo.

Nikasema shuleni tulikuwa tunabandika kwa uji mzito. Mama akanitolea macho. Chakula kubandikia karatasi, mwaka ule? Lakini kesho yake alichota kijiko kimoja kutoka bakuli lake, sio langu, akanipa. Ikawa hivyo kila tulipokuwa na kitu cha kubandika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Turudi kwenye mada.

Kulikuwa na mboga ya bibi, mama yake mama. Majani makavu ya maharage, yanachemshwa kwa maji ya majivu, yale magadi ya kienyeji, halafu yanaungwa karanga. Niliila nikiwa mdogo. Ladha yake bado ninayo mdomoni.

Siri ilikuwa kwenye majivu. Bibi alikuwa anachoma mmea mmoja tu, na mmea huo ulikuwa kule mahame yetu ya zamani. Mama alitembea mpaka huko, akarudi na kibua kikavu, kirefu kama kidole.

"Wanachoma hiki," akasema. "Andika na jina lake."

"Jina la nini mama, si chenyewe hiki hapa?"

Nikaandika "choma hiki", nikakibandika pembeni kwa uji. Mama alitaka daftari likae darini jikoni, moshi ulitunze. Mimi mjuaji nikaona litajaa masizi. Nikaliweka kwenye boksi chini ya kitanda changu.

Miaka miwili mitatu ikapita. Mama akaanguka shambani. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakaondoka. Akawa anatoa sauti tu.

Kula akagoma. Vijiko viwili vya uji, anageuza uso. Shangazi, dada yake baba, akahamia kwetu kumuuguza.

Asubuhi moja mama akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea majani makavu ya maharage yaliyoning'inia jikoni. Halafu akachezesha vidole, kama maji yanayodondoka kutoka kwenye majivu. Nikaelewa. Anataka mboga ya bibi.

Nilifurahi jamani. Nikakimbilia daftari.

Panya walikuwa wamelila. Sio lote, hapana. Wino hawakuugusa. Walifuata uji. Kila tulipobandika kitu pana tundu. Ukurasa wa mboga ya bibi maneno yalikuwepo yote: "Choma hiki mpaka kiwe majivu meupe." Na pembeni ya maneno, tundu.

Nilikwenda mahame. Palikuwa pamelimwa shamba la kijiji, mahindi mtupu. Nikaokota kila bua nililoliona kando ya njia mpaka kijiji cha Chapwa, nikamwonyesha mama moja moja. Anatikisa kichwa. Majirani kila mtu akasema lake.

Mwisho nikachoma maganda ya maharage, nikachuja maji, nikapika mwenyewe. Safari hii hakuna aliyenifukuza jikoni.

Mama akaonja. Akakaa nayo mdomoni, ananiangalia. Akaashiria nimwachie sahani, atakula kwa mkono wa kushoto. Nikaenda kuteka maji. Niliporudi sahani ilikuwa nyeupe, na mama anatabasamu kwa upande uliobaki.

Siku ile nilijiona mtoto wa maana.

Kesho yake Shangazi alikuwa anafua. Akaniita, akanionyesha kanga ya mama. Kwenye pindo kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo ile mboga yote.

Shangazi akasema, "Hakutaka kukuumiza."

Hatukumwambia mama kama tumeona. Alifariki kabla ya mavuno.

Daftari ninalo. Mke wangu alilikuta, kama mama alivyotaka, ila alichokikuta ni matundu.

Funzo langu ni hili. Mzazi akikwambia andika jina, andika. Usimjibu kijuaji.

Sasa wakuu wa Mbozi, hasa wenye mama au bibi aliye hai, nawaomba mkamuulize leo. Mabunzi ya mahindi nimeshachoma, maganda ya ndizi, mabua ya ulezi. Sio yenyewe.

Kwenu walikuwa wanachoma nini? Niandikieni hapo chini, na jina lake.