Wakwe Ndani ya Mtumbwi Mmoja

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nitashtakiwa alikuwa mdogo wangu wa kike. Nguo zangu zilikuwa bado zinachuruzika maji. Alinishika mkono pale ufukweni Kibara, akaninong'oneza, "Kaka, watasema ni wewe." Nilitazama mtumbwi wa baba unavyoelea kifudifudi, nikajua anasema kweli.

Ilikuwa siku ya Saba Saba, katika miaka ile tuliyokuwa tukihamia vijiji vya ujamaa. Asubuhi kulikuwa na hotuba na mbio za magunia, mchana ngoma. Wageni walitoka mbali, wengi wao wafugaji na wakulima wa pamba ambao ziwa walikuwa wakilitazama kutoka mlimani tu. Walipoiona mitumbwi karibu, wakaomba watembezwe. Mimi nilikuwa na mtumbwi wa mbao alioniachia baba. Baba alikufa kwa ugonjwa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule darasa la sita nikashika kasia. Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumbani nilikuwa na wadogo wanne. Nilikubali kuwatembeza wageni kwa sababu ilikuwa sikukuu, na kwa sababu nilipenda kutazamwa.

Wakapanda sita. Wanne walikuwa wacheza ngoma waliotoka upande wa Butiama. Wa tano alikuwa fundi cherehani wa kijiji chetu, amevaa koti alilojishonea mwenyewe. Wa sita alikuwa mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka Bugwema, aliyekuja mbio wakati tumekwisha kuanza kusukuma. Alijitanda khanga hadi kwenye macho kwa ajili ya jua, akakaa ubao wa katikati. Mbele yake alikaa mmoja wa wale wacheza ngoma, kijana aliyejifunika shuka kichwani, uso ameuelekeza ziwani.

"Wewe kijana," mchezaji mwingine akaniita, "mimi ng'ombe namgeuza kwa fimbo. Hiki chombo unakigeuzaje?"

"Kwa kasia."

"Na kikikataa?"

"Unakibembeleza," fundi akadakia, "kama unavyombembelezaga mkeo akikunyima ugali."

Tulicheka wote. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha fundi nilichokisikia.

Tulikwenda mpaka maji yakawa ya kijani kibichi, nikaanza kugeuza. Wimbi dogo likatupiga ubavuni, wimbi la kawaida kabisa. Yule mama akateleza kwenye ubao, khanga ikamwanguka usoni. Yule kijana wa mbele aligeuka kusema neno, akamwona. Niliona uso wake. Nimewaona watu wakiogopa mamba na radi, lakini sura ile sikuwa nimeiona kabla ya siku hiyo. Alisimama ghafla, akarukia upande wa pili kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mtumbwi ukapinduka.

Wengine tulishika ubavu wa mtumbwi mpaka wavuvi wakatufikia. Fundi hakuonekana. Alipatikana kesho yake kwenye matete, koti bado limefungwa vifungo vyote.

Ufukweni waliwasha moto tuote. Yule mama alikaa motoni akitetemeka, na badala ya kuuliza khanga yake iko wapi, aliuliza, "Yule kijana amekaa upande gani, nisije nikamwona?" Kijana mwenyewe alikaa nyuma ya mtumbwi mwingine, peke yake, ametupa mgongo, meno yanagongana. Walimwita mara tatu aje motoni. Hakuja. Hapo nikaelewa. Yule alikuwa mama mkwe wake.

Kwetu mtu akikutana na mkwewe njiani huingia porini mpaka apite. Hawali pamoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Lakini ziwani hakuna pori la kuingia. Kwa hiyo baba hakuwahi kusukuma mtumbwi kabla hajauliza, "Humu kuna wakwe?" Aliuliza hata walipopanda watoto wa shule, nao wakamcheka. Akijibiwa kwamba wapo, mmoja alishuka akasubiri safari nyingine. Mimi nilikuwa nimelisikia swali hilo tangu sijajua kuogelea. Siku ya Saba Saba sikuuliza. Ngoma zililia, watu walishangilia, nami nikasahau.

Ndiyo maana nilipofika mbele ya sajenti wa polisi nilisema nusu. Nilisema kijana mmoja alisimama, sikusema kwa nini. Ningesema kwa nini, angeniuliza kama mwenye mtumbwi hakuwa na njia ya kulizuia jambo hilo.

"Wenzako wanasema mtumbwi uliinama wenyewe," sajenti alisema. "Huyo kijana anasema alikuwa amekaa. Wote wanasema uligeuza vibaya."

"Afande, alisimama."

"Ulikunywa pombe?"

"Hapana, afande."

"Saba Saba nzima hukunywa?" Aliandika neno. "Kuna uchunguzi wa kifo utafanyika Musoma. Hakimu ndiye atasema fundi alikufa kwa uzembe wa nani. Mimi naona kasia lilikuwa mkononi mwako. Jiandae."

Sikujua mtu anajiandaaje. Baba zangu wadogo walijua. Walikuja nyumbani wakakaa uani, wakawagawa wadogo zangu mbele yangu kama nimekwisha kufungwa. Mdogo wangu wa kike atafutiwe mume. Anayemfuata aende kwa mjomba Buhemba. Wawili wadogo wachukuliwe na shangazi Bunda. Hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walisema taratibu, kama watu wanaopanga kuhamisha mizigo kabla mvua haijanyesha. Tangu siku hiyo kila gari liliposimama barabarani nilidhani ni polisi.

Nikaamua kumfuata yule kijana. Nilipanda lori la pamba hadi Bunda, nikapata jingine, nikashuka njiani na kutembea mpaka kijijini kwao karibu na Butiama. Nilimkuta anarekebisha zizi. Aliponitambua, alidondosha nguzo.

"Ndugu, umekuja kufanya nini huku?"

"Kukuomba useme kweli. Ulisimama."

"Nilisimama."

"Basi kaseme."

"Hakimu ataniuliza kwa nini." Alitazama nyumbani kwake, alikokuwa mkewe akipepeta mtama. "Nitamjibu nini? Kwamba mama yake huyu alinigusa? Mbele ya watu wa mjini? Nitakuwa nimemvua nguo mama mkwe wangu. Tumechinja mbuzi kuliondoa jambo lile. Wazee wamesema tusilitaje tena."

"Mimi nitafungwa. Nina wadogo wanne."

"Nimesikia." Machozi yalimlengalenga, aliogopa kama mimi. "Afadhali unichukie."

Sikumchukia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza kama mimi, katika nafasi yake, ningesema.

Siku ya uchunguzi nilifika Musoma asubuhi mapema. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha yanatazama ziwa. Hakimu alitoka mkoa mwingine, na pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza. Benchi la mbele alikaa kaka yake marehemu fundi, mtu mrefu, mikono ameiweka magotini. Hakuondoa macho kwangu. Wacheza ngoma walisema mmoja mmoja: mtumbwi uliinama, hatujui. Yule kijana alisema vivyo hivyo, kwa sauti iliyosikika kwa shida, akarudi kukaa kwenye kona.

Kisha yule mama akaingia. Sikuwa nimemwendea wala kumtumia ujumbe. Alisimama mlangoni, akageuzia uso ukutani.

"Ndugu hakimu, kwanza mtoe mwanamume mmoja humu ndani."

"Mwanamume yupi, mama?"

"Huyo aliye kwenye kona. Siwezi kusema huku ananisikia."

Hakimu alishangaa. Mzee mmoja wa baraza akamwinamia, akamnong'oneza. Kijana alikuwa tayari amekwisha kutoka mbio, ameacha kofia yake. Mama akaja mbele.

"Nimezaa watoto saba," alisema. "Sijawahi kumgusa mume wa binti yangu. Siku ile niliteleza, goti langu likamgusa mgongoni. Akaniona."

"Ndipo akasimama?"

"Ungekuwa wewe, baba, ungekaa?"

Watu walicheka, hata mzee wa baraza akaziba mdomo. Yeye hakucheka. "Mwezi mzima nimekaa na aibu yangu ndani ya nyumba. Aibu haijaniua. Fundi amekufa. Basi mimi nimesema."

Nilidhani yamekwisha. Hakimu akanigeukia.

"Wewe ulijua hawa ni wakwe?"

"Sikujua, ndugu hakimu."

Angeishia hapo, ningekwenda nyumbani. Lakini aliendelea, kalamu iko hewani. "Ulikuwa na namna ya kujua?"

Niliwaona wadogo zangu, mmoja Buhemba, wawili Bunda. Hakuna mtu mle ndani aliyemjua baba. Ningesema hapana, na hapana ingeandikwa. Lakini kaka yake fundi alikuwa ananitazama, naye alikuwa amekuja kutoka mbali ili aambiwe mdogo wake alikufaje.

"Ningeweza kuuliza," nilisema. "Baba yangu alikuwa anauliza kila safari. Mimi sikuuliza. Nilisahau."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Akainama na wazee wake, wakaongea chini chini, mmoja akitikisa kichwa, mwingine akinyoosha kidole kwangu. Sikusikia hata neno.

Hatimaye alisoma. Mtumbwi ulikuwa mzima. Watu hawakuzidi. Aliyesimama alisimama kwa mshtuko, hakukusudia. Kuuliza kuhusu wakwe ni busara ya mzee mmoja. Sheria haimwadhibu mtu kwa kutokuwa na busara ya baba yake. Kifo ni cha ajali. Hakuna wa kushtakiwa.

Nilitoka nje. Sikufurahi. Hofu ilikuwa imenizoea, haikujua kuondoka haraka hivyo.

Lori la kurudi lilikuwa moja, na kaka yake fundi alipanda pia. Alikuja kukaa kwenye gunia lililo karibu na langu. Tulikwenda mwendo mrefu, vumbi linatupiga, kabla hajafungua mdomo.

"Ungeuliza, mdogo wangu angekuwa hai?"

"Ndiyo," nilisema.

"Kwa nini ulisema? Wangekuachia bila kusema."

Nilimwambia tu, "Uliniangalia."

Nilihesabu miti, nikihesabu pia ni wapi angeweza kunisukuma nikaanguka bila dereva kuona. Karibu na Bunda aliuliza, "Wadogo zako ni wangapi?"

"Wanne."

"Wangekaa na nani?"

"Walikuwa wamekwisha kugawanywa."

Lori liliposimama Bunda alishuka. Hakuniaga, hakunipa mkono, hakunilaani. Alikung'uta vumbi kwenye suruali, akaondoka bila kugeuka. Mpaka leo sijui kama kwake kosa ni langu, wala sikuwahi kuwa na ujasiri wa kwenda kumuuliza.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mdogo wangu wa kike alikuwa amefunga nguo za wenzake katika mafurushi matatu, ameyapanga mlangoni kwa ukubwa. Aliponiona njiani alikaa chini palepale kwenye udongo. Nilianza kuyafungua yale mafundo, lakini alikuwa ameyakaza mno, ikabidi yeye ainuke, ayafungue.