Mwalimu Chizuru na Antena ya Mumewe

Chizuru Orihara alikuwa mwalimu wa hesabu katika bonde moja la milima ya kisiwa cha Shikoku, Japani. Mumewe, Genzo, alikuwa mgonjwa wa redio, zile za kuzungumza na watu wa mbali. Akitoka shamba la chai tu, yuko juu ya paa anafunga waya. Kesho yake anaufungua, maana haukushika kitu.

"Bwana wee, utabahatisha mpaka lini?" Chizuru alimuuliza siku moja. "Nieleze huo waya unafanyaje kazi, nikuhesabie."

"Antena haihesabiwi, mke wangu. Inasikilizwa."

Chizuru aliagiza vitabu, akajifunza kuandika programu za kompyuta, na baada ya miaka kadhaa akaunda yake. Unaiambia urefu wa waya na kimo chake kutoka ardhini, nayo inakuchorea mawimbi yataelekea wapi. Akaiweka mtandaoni, aichukue atakaye.

Ndipo kikaja kimbunga. Maporomoko yalifukia barabara, simu zikakatika, na jirani yao, mzee Kuwabara, alitakiwa kusafishwa figo mjini. Genzo akawasha redio kwa betri ya gari. Aliwasikia watu wa Australia, lakini mji uliokuwa nyuma tu ya mlima haukumjibu.

"Ngoja niipandishe," alisema, ngazi tayari mkononi.

"Ishushe," alisema Chizuru, macho kwenye kompyuta. "Ikiwa juu, mawimbi yanaruka mbali, yanaupita mji. Ikiwa chini yanapanda wima, yanagonga anga, yanatuangukia papa hapa. Tazama mchoro."

"Chini kiasi gani?"

"Juu kidogo ya kamba ya nguo."

"Wewe mwanamke, leo si siku ya mzaha!"

Lakini aliishusha. Kabla ya adhuhuri mama mmoja mpenda redio huko mjini aliitikia, sauti yake wazi kana kwamba yuko dirishani. Genzo alimweleza habari za mzee Kuwabara. Mama yule akawaarifu zimamoto, na alasiri helikopta ikatua uwanja wa shule, ikamchukua mzee. Kuwabara alirudi barabara ilipofunguliwa, akilalamikia chakula cha hospitali.

Genzo alimpikia mkewe tambi za soba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Chizuru aliendelea kuinoa programu yake, na watu wa mabonde ya mbali wakawa wanamwandikia kumshukuru. Siku hizi macho yake yamefifia. Genzo huketi kando yake akimsomea tarakimu kwenye kioo cha kompyuta, na akiruka moja hukaripiwa kama mwanafunzi.