Seli Zisizoshika Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja mrija mmoja nikaomba msamaha mara nne. Ilikuwa maabara ndogo ya River Road, juu ya duka la misumari. Niliajiriwa kuosha vyombo. Kusoma damu nilijifunza mwenyewe kwa vitabu chakavu. Baadaye nilihamia maabara kubwa ya Muthangari, chini ya Mkuu wa Kitengo, mama mkali mwenye utani. Leo naacha benchi la maabara nikafundishe, na ninyi mnaoingia kazini lazima niwaambie kuhusu Neema.

Alikuwa na miaka minne. Tezi za shingo zilikuwa zimevimba zaidi ya mwaka, dawa za kifua kikuu hazikusaidia, na alivuja damu ovyo puani. Ijumaa angepasuliwa aondolewe wengu, uliokuwa umevimba ukiharibu chembe za kugandisha damu. Jumatano damu yake ilifika kwangu.

Mashine yetu hupitisha seli moja moja mbele ya leza. Kwanza tunazitia rangi, na karibu kila seli T, aina ya seli za kinga, hushika nyekundu au kijani. Za Neema, kundi kubwa halikushika yoyote. Nikajua nimesahau rangi. Nikamwaga, nikarudia. Vile vile. Nikamwaga tena haraka, mtu asione.

Mara ya tatu Mkuu alikuwa nyuma yangu.

“Unaficha nini, msichana?”

“Nimekosea rangi, Madam.”

“Mara ngapi?”

“Tatu.”

“Wewe? Wewe unabandika lebo hadi kwa kikombe ya chai. Usahau rangi mara tatu?” Akavuta kiti. “Hebu nione.”

Alitazama, kisha akacheka kwa furaha. Seli za kinga zikimaliza kazi hupata amri ya kujiua. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni, amri hiyo isifanye kazi, na seli zirundikane kwenye tezi na wengu. Kundi lisiloshika rangi ndilo dalili. Ukurasa wa ugonjwa huo nilikuwa nimeusoma mara kumi, na sasa ulikuwa hai mbele yangu! Nilishindwa kuketi.

Mkuu alimpigia daktari papo hapo. “Daktari, usimkate huyo mtoto. Bila wengu, bakteria watammaliza. Tupime jeni kwanza.”

Upasuaji uliahirishwa. Kipimo cha jeni kikathibitisha, Neema akaanzishiwa dawa, na tezi zikanywea.

Siku majibu ya jeni yalipofika, nilitembea hadi Westlands nikicheka peke yangu, kisha nikasimama ghafla. Kabla ya Neema, nilikuwa nimemwaga mirija mingapi nikidhani kosa ni langu? Sijui, na sitajua. Daftari mnaloliona limefungwa kwa kamba kwenye ndoo ya taka nililiweka mimi. Kabla hujamwaga, andika ulichoona.