Harufu ya Nyama Njia ya Bigo

Asubuhi hii, nikienda kazini kwa pikipiki, niliona mama mmoja akisukuma mguu wa mtoto wake mbali na bomba la moshi la pikipiki waliyopanda. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu tuliporudi Bigo kwa pikipiki, mimi katikati, mama nyuma yangu, dereva akirukaruka mashimo. Harufu ikanijia.

"Mama, nasikia arufu ya nyama ya kuchoma! Nataka!"

"Kesho, mutoto yangu," alijibu, sauti ikitetemeka.

Nililia njia nzima, nikimwita mchoyo. Nyumbani nilimkuta akipaka dawa ya meno kwenye mguu wake ulioungua, nikamgombeza tena: "Mama, unaimaliza yote!"

Hakuniambia kwamba aliuweka mguu wake kati ya wangu na bomba la moto. Kovu analo hadi leo. Nami sijaweza kumwambia kwamba, kwa harufu ile, nilimeza mate.