Bomba la kupulizia nililoazima leo

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa shambani.

Leo asubuhi, hapa Ngulyati, niliazima bomba la jirani yangu Masunga, nikapulizia pamba yangu yote dawa ya viwavi.

Nilikuwa namalizia mstari wa mwisho alipokuja kulichukua.

"Mzee, ulilisuuza kwanza?"

"Kwani lilikuwa na nini?"

"Dawa ya ndago. Jana nilipulizia kule bondeni."

Ndago mnaijua, gugu lile sugu: ukiikata kwa jembe, vijiazi vyake hubaki ardhini na kuota tena. Ndiyo maana dawa yake huingia kwenye jani na kushuka taratibu hadi mizizini.

Nayo haichagui mmea.

Mke wangu, aliyekuwa akiniletea maji ya kuchanganyia dawa, akatua ndoo. "Baba Kulwa, bomba la kuazima unalijaza bila hata kulinusa?"

Nikaenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Sasa tunasomba maji ya lambo kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuosha pamba, mche mmoja mmoja. Masunga anatusaidia.

Majani bado ni ya kijani, na hicho ndicho kinachonitisha, maana dawa hii huchukua siku kadhaa kabla mmea haujaanza kunyauka.

Aliyewahi kupatwa na jambo hili aniambie ukweli: je, maji yanasaidia, au dawa imekwisha kushuka?