Siku nilipomtukana dada yangu, mama wa mapacha, mbele ya baba mwalimu wa kanisa

Wakuu, hamjambo. Naona kila mwaka mnatupia humu nyimbo za mama, zote machozi na asante. Leo niwape ya kwetu Bukhayo. Siongezi chumvi, na mashahidi wawili wako hai, wazee wenye vipara.

Ni miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Mimi ndiye nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mnisamehe kwa kujisifu, lakini nikipandisha sauti hata wenye kusinzia kanisani walikuwa wanakaa wima.

Dada yangu Nafula alikuwa ameolewa Matayos, akazaa mapacha, Opiyo na Odongo. Sasa kwetu mama wa mapacha haingii kwa wazazi wake hivi hivi. Wakwe wanamleta hadi mlangoni wakiimba matusi, na wa nyumbani wanajibu kwa matusi makubwa zaidi. Matusi ya chumbani, wakuu, mnanielewa. Ndiyo heshima yake. Bila hayo habishi hodi.

Shida ilikuwa baba. Alikuwa mwalimu wa kanisa na alikataza nyimbo hizo kabisa. Miezi ikapita Nafula hajakanyaga kwetu.

Halafu mama akaugua. Mwezi mzima kitandani, na kila siku anauliza wajukuu wake wako wapi. Tuliogopa atakufa bila kuwaona.

Baba akalegeza kidogo. Wakwe waje, ila wataimbiwa wimbo safi. Nikapewa kazi mimi. Nilitunga beti nne za kumsifu mama, uvumilivu wake, maziwa yake, maombi yake. Nilijiamini kupita kiasi.

Wakaja na ngoma, wanawake kama thelathini, Nafula katikati na watoto wake. Nikaimba. Niliimba vizuri, sitakudanganyeni.

Hakuna aliyecheza. Ngoma ilinyamaza. Wakwe wakakaa chini kwenye nyasi, na Nafula akabaki amesimama hatua tano kutoka mlango wa mama yake, analia.

Mama mkwe wake akaniangalia kwa huruma.

"Dada, unaimba mzuri sana. Lakini hii wimbo yako ni ya mtoto moja."

Niliona aibu. Shangazi zangu walikuwa wanamwangalia baba, wakiogopa kuanzisha matusi mbele yake.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Ya mama, nyembamba, inakatika katika, lakini inaimba.

"Shambani mwana wenu ni mvivu. Kumbe nguvu yote alikuwa anaweka kitandani?"

Wale wanawake waliruka kutoka kwenye nyasi. Mama akaishiwa pumzi kwenye mstari wa pili, na hapo nikajua zamu ni yangu. Nikamgeuzia baba mgongo nikaupokea. Nilimtukana Nafula, nikamtukana mumewe, nikatukana kitanda chao. Shangazi wakaitikia. Nafula aliingia mlangoni akicheza, machozi bado yako shavuni.

Mama akawapakata wote wawili, mmoja kila mkono. Baba akaingia polepole, akanyoosha mikono apewe mmoja.

Mama akamwambia mbele ya wakwe, "Ngoja, mwalimu. Wewe hujaimba."

Baba akavua kofia, akakohoa, akaimba.

Wakuu, alijua beti zote. Hata zile ambazo shangazi walikuwa wamesahau.

Mama alipona na akaishi miaka mingi, na mapacha ndio wale mashahidi wangu wenye vipara. Nami nilijifunza kwamba tunapomsifu mama tusimfanye malaika aliyepata watoto kwa kuomba tu. Yule ni mwanamke, ana mwili, na kuzaa ni kazi ya mwili huo. Wimbo unaoona haya kusema hivyo haujamfikia bado.

Nyinyi wa Amagoro, Samia na ng'ambo ya mpaka, kwenu mama wa mapacha anapokelewa vipi? Maneno yenyewe muyapunguze makali kidogo, humu kuna walimu wa kanisa wanaojifanya hawayajui.